Amana Iliyomo Kabatini



Sisi tuishio Machakos twajua kwamba mji wetu ulikuwa makao ya utawala wa Mwingereza katika nchi ya Ukamba, hata mwaka 1899 makao hayo yakahamishiwa Nairobi. Huko, mji mpya uligawanywa kwa rangi za watu. Mzungu akakaa vilimani upande wa magharibi, Mhindi Ngara na Parklands, na Mwafrika akasukumwa mashariki, Pumwani na Kaloleni. Shule na hospitali nazo zilitengwa.

Katika mji huo alizaliwa mpiga picha Priya Ramrakha, mwaka 1935. Hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, na Aprili 1954 maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa jijini wakapelekwa vizuizini. Waume wakatenganishwa na wake zao, na watoto na baba zao. Ramrakha aliipiga picha Nairobi ya miaka hiyo. Aliuawa vitani Biafra mwaka 1968, na picha zake zikakaa miongo mingi katika gereji moja ya Nairobi, hata jamaa yake akazipata. Lau gereji ile ingalisafishwa kwa pupa, ushahidi wote ungalitupwa jaani.

Twalileta jambo hili kwenu, mama na dada zetu, kwa kuwa nyumba zetu nyingi zina jamaa waliotawanyika: huyu Mombasa, yule Lamu, mwingine Ghuba. Katika hukumu ya picha wanazuoni wamekhitilafiana, nasi twawaachia wao. Lakini zile zilizokwisha kuwamo kabatini ni amana. Bibi aliyesimama bega kwa bega na jirani yake Mkamba au Mhindi, wajukuu hawamtambui tena. Na siku amjuaye atakapofariki, ujirani ule hautakuwa na wa kuusimulia.

Basi wiki hii tuketi na wazee wetu. Nyuma ya kila picha tuandike jina, mahali na mwaka, kwa penseli laini, maana wino hupenya ukaharibu sura. Na picha ya mama asiyejifunika tuisitiri. Isirushwe katika simu za watu bila idhini yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awakutanishe kwa kheri waliotengana. Amin.