Paka wa ghalani akitapika, asipuuzwe

Katika Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, mpunga ndiyo akiba ya kaya nyingi. Ukishavunwa hujazwa kwenye magunia na kuwekwa stoo, au hata chumba cha kulala, kusubiri bei ipande. Mlinzi wa magunia hayo usiku ni paka. Hata hivyo, paka huyo akitapika baada ya kula, wengi husema ni ulafi tu, wengine humfukuza kwa fagio, na habari huishia hapo.

Ni kweli kwamba mara nyingine ni ulafi. Paka mwenye njaa, au anayegombea bakuli na wenzake, humeza bila kutafuna, na dakika chache baadaye chakula hurudi kikiwa kizima. Huko ni kucheua zaidi kuliko kutapika. Dawa yake ni kumpa chakula kidogo kidogo, na kila paka chombo chake. Paka pia hujilamba na kumeza manyoya, ambayo huyatapika yakiwa kibonge kirefu. Likitokea mara mojamoja na paka akaendelea kula na kucheza, hakuna sababu ya hofu.

Lakini zipo sababu nyingine zinazotoka jikoni na mwaloni. Kuanzia Matema hadi Itungi, paka hulishwa vichwa vya samaki, matumbo na usipa. Kwa joto na unyevu wa Kyela, mabaki ya asubuhi huwa yameoza jioni. Miiba mikubwa huweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Mchuzi wenye vitunguu nao humdhuru, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Hata maziwa, ambayo wengi huyaona kama zawadi, huwasumbua tumboni paka wengi wakubwa. Minyoo nayo huchangia, na wakati mwingine huonekana kwenye matapishi.

Sababu ya kutisha zaidi ni sumu ya panya. Sumu zenye zinki fosfaidi, ambazo ni unga wa kijivu, zikifika tumboni hutoa gesi yenye sumu, na kutapika huweza kuanza ndani ya muda mfupi au saa chache. Sumu za kuzuia damu kuganda hufanya kazi polepole. Paka aliyekula chambo, au panya waliokwisha kula sumu hiyo, huweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kulegea, ufizi kuwa mweupe na damu kuanza kutoka.

Hapo ndipo hasara ya mkulima inapoanza. Paka akiondoka, panya hutawala, wasemavyo wahenga. Panya huzaana haraka kuliko paka, na sumu iliyonunuliwa ili kuokoa magunia hugeuka kuwa chanzo cha kuyapoteza. Zaidi ya hapo, chambo kilichomfikia paka kinaweza kuufikia mkono wa mtoto, au kumwagika juu ya mchele unaokwenda sokoni.

Kwa hiyo mwenye paka ajiulize maswali matatu: ametapika muda gani baada ya kula, ametapika nini, na kuna sumu gani ndani au kwa jirani? Paka anayetapika mara kwa mara, anayekataa chakula siku nzima, anayetetemeka au kutapika damu, apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo mara moja, pamoja na pakiti ya sumu kama ipo. Asinyweshwe maziwa wala mafuta kwa imani kwamba yanaua sumu, kwani mafuta huweza kuongeza ufyonzwaji wa zinki fosfaidi. Matapishi yenye sumu hiyo hutoa gesi, hivyo milango ifunguliwe na watoto waondolewe. Dawa za binadamu za maumivu zisitumike kabisa; kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka.

Wafanyabiashara wa pembejeo nao wana wajibu. Sumu inayouzwa kwa kupimwa kwenye vikaratasi, bila jina wala maelekezo, humnyima mtaalamu njia ya kujua pa kuanzia. Mnunuzi adai kifungashio chenye lebo, cha bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Halmashauri nayo iwafikishe maofisa wake wa mifugo na kilimo vijijini kabla ya msimu wa mavuno, si baada ya madhara.

Penye paka, njia salama ni kupanga magunia juu ya chaga mbali na ukuta, kuziba matundu, kufagia punje zilizomwagika na kutega mitego. Njia hizo hazimdhuru paka, na humpunguzia kazi.