Tarehe ya Kuzaliwa Haina Saa

Muhula uliopita dada mmoja wa mwaka wa pili alitufuata akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Cheti kinasema 14 Machi. Kwenye hifadhidata ya hosteli, ambayo mimi na wenzangu wawili tuliitengeneza kwa mbwembwe zote, imeandikwa 11 Machi. Jina lake lilikuwa limeenguliwa kwenye orodha ya vyumba kwa sababu taarifa "hazilingani". Nikamwambia bila aibu: utakuwa ulikosea kujaza. Akanijibu, "Kaka, siku niliyozaliwa naijua."

Aliijua kweli. Tuliokosea ni sisi.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. PostgreSQL ina aina ya data iitwayo DATE: mwaka, mwezi, siku, basi. Haina saa. Lakini draiva tuliyotumia, node-postgres, ikisoma DATE huigeuza kuwa Date ya JavaScript, ambayo ni nukta ya wakati na lazima iwe na saa. Kwa hiyo 14 Machi ikawa 14 Machi saa sita usiku, kwa saa za seva yetu, yaani za Dar es Salaam. Ilipotumwa kwenye kivinjari ikageuzwa kuwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Ikawa 13 Machi, saa tatu usiku. Sisi tukakata herufi 10 za mwanzo tukazipachika kwenye fomu. Mtu akirudi kubadilisha namba ya simu tu, akabonyeza "Hifadhi", siku yake ya kuzaliwa inarudi nyuma. Dada yule alirudi mara tatu.

Wapo wanaosema lawama ni ya draiva. Nakubali nusu. Mtu wa New York hata asingeligundua kosa hili, maana usiku wa manane wake kwa UTC bado ni tarehe ileile. Sisi tulio mashariki ya Greenwich ndio tunaoumia. Lakini nani alitukataza kujaribu mfumo wetu kwa saa zetu wenyewe?

Ninachobishana nacho zaidi ni ule ushauri tunaopeana kama sala: weka kila kitu kwa UTC. Kwa muda wa malipo, sawa kabisa. Hilo ni tukio, lina nukta yake. Siku ya kuzaliwa si nukta. Hata bibi zetu wanaosema "usiku wa kuamkia Jumanne" wanajua kwamba siku na saa ni vitu viwili. Java ilishavitenganisha tangu 2014, ilipoleta LocalDate. Darasani kwetu aina za tarehe zilipita kwenye slaidi moja, tukakimbilia mengine. Naomba walimu wetu walipe jambo hili hata kipindi kimoja, na mazoezi yake.

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja: kuiambia draiva kwamba aina namba 1082, yaani DATE, iachwe kama maandishi. Kazi ilikuwa kusafisha uchafu. Hatukuweza kuongeza siku moja kwa kila mtu, maana wengine walirudi kwenye fomu mara moja, wengine mara tano, wengine hawakurudi kabisa. Tulikaa na vyeti mezani, kimoja kimoja, jioni nne mfululizo. Dada yule alipata chumba, ila si kile alichoomba, kile kilishachukuliwa.