Fort Jesus si mizinga tu

Mizinga ya ngome hii imesifiwa kupita kiasi. Kila mgeni anapanda juu yake kupiga picha, na hakuna anayeuliza habari za ule mzingiro wa Waomani dhidi ya Wareno waliokuwa humo, Machi 1696 hadi Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi zaidi kuliko risasi. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Wala si Wareno watupu waliozingirwa: Waswahili wa Faza walikuwemo wakipigana upande wao, jambo ambalo sisi wa pwani hatupendi kulitaja.

Mkienda, tafuteni ile michoro ya ukutani ya Wareno. Merikebu, samaki, watu, vimechorwa kwa makaa na udongo mwekundu, vingine ovyo kabisa, kazi ya mtu aliyechoshwa na zamu. Kisha ulizieni gereza la Waingereza, 1895 hadi 1958. Waongozaji wengi hulipita mbio, sijui kwa nini. Na nendeni asubuhi. Saa saba jua la juu ya ukuta halina huruma.