Mwaka Mpya na Nia Mpya

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, ndugu zetu Wakristo wa Visiwani hukesha makanisani wakimshukuru Mungu na kutia nia kwa mwaka unaoingia. Sisi tuliokulia chuoni, mbele ya msahafu, tunalielewa vyema jambo hilo, kwani kwetu pia hakuna ibada bila ya nia.

Pale Mkunazini nia hiyo ina ushahidi wa mawe. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa katika kiwanja kile kile. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo, alikitumikia pia Kiswahili chetu kwa sarufi na tafsiri, na deni hilo hatuoni haya kulikiri.

Lakini mkesha wahitaji amani. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto hapa Unguja, na Sheikh Fadhil Soraga akamwagiwa tindikali. Februari 2013 Padri Evaristus Mushi akauawa kwa risasi alipofika kusalisha misa. Adhaniaye kwamba uovu huo una dini anajidanganya. Tunawataka wakuu wa wilaya na masheha wapange ulinzi wa mikesha mapema, siyo baada ya madhara.

Na mtumishi wa Serikali aliyepiga magoti usiku ule akiahidi uaminifu, wananchi wanamngoja ofisini siku ya kwanza ya kazi, saa moja na nusu asubuhi. Mafaili yao yangali mezani kwake.