Mashua Yangu Ilivuja, na "Usikate Tamaa" Haikunisaidia

Kama umewahi kuacha kitu katikati, unajua mtaa haukusahau. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo kila ninachogusa watu wanasubiri nikiache. Kwa hivyo nilipoanza kuunda mashua ya futi 12 nyuma ya nyumba yetu hapa Mtongwe, jirani alimuuliza mamangu, tena nikisikia: "Hii nayo ataimaliza?"

Wacha nikuambie ilivyoenda.

Mbao nilinunua mbichi. Bei ilinifurahisha, nikapiga picha nikaweka kwa stetasi. Jua la Januari likazipinda, mbili zikapasuka kabisa. Misumari nayo ilikuwa ya kawaida, si ile iliyopakwa zinki, ikaanza kushika kutu kabla hata mashua haijaonja chumvi. Hayo nilirekebisha.

Kilichonimaliza ni kalafati. Mafundi wa pwani huchukua pamba yenye mafuta, wakaigongomea kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Kazi ya kuchosha, bana. Mimi nikajifanya mjanja, nikachanganya gundi kali ya dukani na vumbi la mbao, nikaziba kila mahali. Ikakauka kama jiwe. Nilijiona injinia.

Tuliishusha majini Jumamosi. Ikavuja kidogo, na hiyo si ajabu: mbao kavu zikiingia majini hufura, zikajibana, na pamba hukubali kubanwa. Gundi yangu haikukubali. Mbao zilipofura hazikuwa na pa kwenda, zikasukumana. Siku ya tatu ubao wa pili kutoka mkukuni ulikuwa umeng'oka kwenye mataruma, na mashua imekaa kwenye matope, imejaa maji.

Sasa sikia. Sh22,000 zilikuwa zimeingia hapo, na sehemu kubwa ni mkopo mama aliochukua kwa chama kwa jina lake. Ukipoteza pesa zako, utacheka baadaye. Za chama? Hao akina mama hukutana sebuleni kwetu, na mimi ndiye hupeleka chai.

Marafiki walinitumia ujumbe: usikate tamaa, kila kitu kina wakati wake, wewe ni mpiganaji. Asanteni. Lakini nakuuliza wewe unayependa kutuma maneno hayo: yalimwambia nani ubao upi umeoza? Vijana tumezoea hali mbili tu. Ama yote yameisha, ama tunapeana moyo hadi asubuhi. Kukaa chini na kuhesabu kilichoharibika, hapana, hiyo inauma.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi aliyejifunza kazi Matondoni, kule Lamu, ambako vyombo huundwa kwa jicho bila mchoro. Hakunipa moyo hata kidogo. Alizunguka mashua akigonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, akitia alama ya chaki penye ubovu. Mbao saba zikapata alama. Akanionyesha zilizobaki: "Hizi tano, mjukuu wangu, bado ni zako. Na mkuku mzima." Kisha akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Usiku huo nilifikiria chuo. Miaka yote hii nimesema "chuo hakikuwa changu", na inasikika vizuri ukiisema kwa kujiamini. Ukweli ni kwamba nilianguka hesabu, somo moja, na nikawa na deni la karo la muhula mmoja. Alama mbili za chaki. Mimi nikachoma chombo kizima. Sikuambii urudi shule, mimi mwenyewe sijaamua. Nakuambia tu kwamba sikuwahi kuhesabu.

Nimebandua zile mbao saba. Gundi naikwangua kwa patasi, inchi kwa inchi, na mkono unauma. Napaka rangi nyumba za watu na kila mwezi namrudishia mama Sh1,500 za chama. Mbao mpya zimelazwa kivulini chini ya turubai, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na sizigusi hadi Agosti.

Jirani aliuliza tena jana kama nitamaliza. Nilimwambia aje ashike upande wa pili wa ubao.