Wasichana wa Desemba

Kila ifikapo Desemba na shule kufungwa, baadhi ya mabinti wa Tarime na Serengeti hutoroka makwao usiku ili wasikeketwe. Hawana pa kulala. Wanaowafungulia mlango mara nyingi ni Wakristo: kituo cha Masanga, wilayani Tarime, na nyumba salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014 na Dayosisi ya Anglikana ya Mara. Sheria ya mwaka 1998 humlinda aliye chini ya miaka 18, lakini usiku huo anachohitaji ni kitanda na uji. Msimu ukiisha, mzazi huitwa aahidi kwa maandishi. Akikataa, binti hubaki hapo, na sare na madaftari yake huwa juu ya wenyeji wake.

Nilipopendekeza kamati yetu ipeleke magunia mawili ya mahindi, mzee mmoja aliuliza: "Tulishe kanisa?" Swali hilo si la kubezwa. Zaka ina wanaoistahiki. Sadaka ya hiari ina mlango mpana zaidi. Nikamkumbusha Najashi wa Uhabeshi, aliyekuwa bado Mkristo alipowapokea Maswahaba waliokimbia Makka. Mzee alinyamaza. Gunia la kwanza limepatikana. La pili tungali tunalitafuta, na Desemba i karibu.