KUTOKA NYARAMBA: Darubini Iliyoitwa Uhuru, na Swali la Mkulima wa Majani Chai



Juma lililopita alinijia ofisini mzee mmoja wa kata yetu, mkulima wa majani chai, akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumwita mwanawe wa pili chuo kikuu. Nilimpongeza, nikaanza kutafuta fomu ya basari na muhuri, lakini uso wa mzee haukuonyesha furaha hata kidogo. Akaniambia, “Mwanangu, wewe ulisoma kwa mapadre, hebu nisomee barua hii sawasawa. Nimeambiwa kijana anakwenda kufundishwa habari za nyota. Mimi nina ng’ombe wawili wa maziwa. Je, nimwuze mmoja ili mtu akahesabu nyota, ambazo mimi naziona bure kila usiku nikitoka kufunga zizi?”

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Ulimi wangu ulikuwa tayari kumwambia kijana abadili masomo achukue ualimu au uganga, kama tunavyowashauri vijana wote wanaopita mbele ya meza zetu. Lakini nilijua vilevile kwamba nilikuwa karibu kutoa shauri juu ya jambo nisilolijua, na ng’ombe wa mtu si jambo la mzaha. Nilimwomba anipe siku saba. Yale niliyoyapata katika siku hizo nilimweleza, nami nayaandika hapa kwa kuwa nadhani si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Kwanza yafaa tujue kwamba wenye elimu ya nyota siku hizi hawakai kilimani usiku kucha wakichungulia kwa jicho moja. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kubuni chombo, kukijenga, kukipima, kisha kufanya hesabu za yale ambayo chombo kimeleta. Tena si darubini zote zenye kioo. Ziko zinazopokea mawimbi ya redio, na ziko zinazopokea eksirei, yaani miali ile ile ambayo daktari huitumia kupiga picha ya kifua. Miali hii ikitoka katika nyota haitufikii hapa chini, kwa sababu hewa inayoizunguka dunia huizuia. Kwa hiyo mwenye kutaka kuiona hana budi kukipandisha chombo chake juu ya hewa.

Hapo ndipo nchi yetu inapoingia katika habari hizi, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Yapata kilometa 30 kaskazini ya Malindi, katika bahari iliyo mbele ya Ngomeni, Waitalia walisimamisha majukwaa mawili ya chuma yenye miguu iliyokita sakafuni mwa bahari. Moja liliitwa San Marco, na hilo ndilo lililorushia roketi. La pili liliitwa Santa Rita, na humo walikaa watu wa kuongoza kazi. Mwenye shauri hilo alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma, na chuo hicho ndicho kilichosimamia kazi. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967. Mpaka mwaka 1988 zilikuwa zimepaa roketi tisa zilizobeba setilaiti.

Mtu atauliza, mbona waje mbali namna hiyo? Sababu yake ni Ikweta. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mahali inapokwenda mbio zaidi ni kwenye Ikweta, karibu kilometa 1,670 kwa saa. Roketi inayoruka toka hapo kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure, kama mtu anayeruka toka katika gari linalokwenda. Tena setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya miali mikali iliyo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambayo huvuruga vipimo. Kwa hiyo, mahali pale palikuwa na thamani ambayo mvuvi wa Ngomeni hakuidhania alipokuwa akitupa wavu wake.

Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa toka San Marco setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za mbinguni peke yake. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala, basi mwanamke Mwamerika aliyesimamia kazi hiyo, Marjorie Townsend, akaipa jina la Uhuru, kwa lugha yetu hii. Jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota hata leo, nao wasomi wa nchi za mbali hulitamka kwa kujikwaa.

Chombo chenyewe, mzee alishangaa kusikia, hakikuwa na lenzi. Kilikuwa na visanduku vya gesi vyenye nyaya ndani na dirisha jembamba la madini mbele. Mwali wa eksirei ukipenya dirishani huigonga gesi, na umeme mdogo hupita katika waya. Mgongano huo mmoja huhesabiwa. Mbele ya dirisha paliwekwa vipande vya kuziba pembeni ili chombo kione upande mmoja tu kwa wakati, nacho kilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, kikipita mbingu ukanda kwa ukanda kama mtu anayefyeka shamba. Kabla yake, Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wakirusha roketi ndogo ambazo zilitazama kwa dakika chache tu kisha zikaanguka. Uhuru ilitazama kwa zaidi ya miaka miwili, hata Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Katika orodha hiyo kimo kimoja kiitwacho Cygnus X-1. Kilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1960, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba mwanga wake unatetemeka upesi mno, kwa hiyo hakiwezi kuwa kitu kikubwa. Baada ya hapo wenye darubini za kawaida waliingia kazini. Louise Webster na Paul Murdin wa Royal Greenwich Observatory, na Tom Bolton wa Chuo Kikuu cha Toronto akitumia darubini ya chuo chake mwenyewe, waliona nyota kubwa ikizunguka mara moja kila siku 5.6 pamoja na mwenzi asiyeonekana. Mwenzi huyo ni mzito sana, wala hatoi nuru. Ndicho kitu cha kwanza ambacho wengi walikubali kukiita shimo jeusi.

Miaka minne baadaye, tarehe 15 Oktoba 1974, ilirushwa toka Ngomeni setilaiti ya Waingereza, Ariel 5. Hii nilimweleza mzee kwa kirefu zaidi, kwa sababu inaonyesha vizuri kazi ya vyuo. Ndani yake mlikuwa na vyombo sita, na karibu vyote vilitoka vyuo vikuu: Leicester walileta chao, Birmingham walishirikiana na chuo kimoja cha London, Imperial College nao walikuwamo. Mwezi Agosti 1975 chombo cha Leicester kiliona kitu kipya kikiwaka katika kundi la Monoceros, na kwa muda kikawa kiking’aa kwa eksirei kuliko kitu kingine chochote nje ya jua letu. Watu walipofukua picha za zamani waliona kwamba mahali pale pale paliwaka mwaka 1917. Mwaka 1986 ilipimwa, ikaonekana kwamba huko nako kuna shimo jeusi. Na mwaka 1975 huo huo roketi ilikuwa imebeba toka hapo hapo setilaiti nyingine, SAS-3, ambayo vyombo vyake viliundwa na chuo cha Massachusetts, MIT.

Hapo mzee alinikatiza. “Roma, Leicester, London, Massachusetts,” akasema, akihesabu kwa vidole. “Na Nairobi?”

Nikamjibu kwamba katika majina ya walioviunda vyombo hivyo Nairobi sikuiona. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake mwaka huo huo wa 1970, kilipovunjwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, nacho kilikuwa na haja kubwa ya kutoa wahandisi, waganga na waalimu. Sikilaumu. Lakini ni kweli kwamba sisi tulitoa bahari na jina, na waliochungulia walikuwa wengine.

“Basi,” akasema, “hata mwanangu akijifunza kujenga vitu hivyo, wataruhusu achungulie?”

Swali hili, wasomaji, ndilo lililonifanya nimheshimu mzee huyu kuliko nilivyokuwa nikimheshimu. Maana ndilo swali ambalo vyuo vyenyewe huulizana kila darubini mpya inapotaka kujengwa. Nilimpa mfano wa Afrika ya Kusini. Huko Sutherland, nyikani, ilifunguliwa mwaka 2005 darubini iitwayo SALT, yenye vioo 91 vilivyopangwa pamoja kama sega la nyuki, upana wake mita 11 hivi. Serikali ya huko haikuijenga peke yake. Chuo Kikuu cha Wisconsin kiliunda chombo kikubwa cha kuchambua nuru. Rutgers wakatia mkono wao. Durham wakaunda kingine baadaye. Na kila mshirika aligawiwa saa za usiku kwa kadiri ya alichotoa. Aliyetoa fedha alipata saa, na aliyetoa kazi ya mikono na akili alipata saa vilevile.

Mzee akacheka. “Kumbe ni egesangio!” Kwa msomaji asiye Mgusii, hii ni ile kazi ya zamu, leo tunalima kwako, kesho kwangu; na asiyekuja na jembe lake hana wa kumdai. Sikuweza kupata mfano bora kuliko huo, na kwa kweli nilikuwa nimejitayarisha kumweleza kwa habari za bonasi ya kiwanda cha chai, ambazo zingemkasirisha bure.

Sasa inajengwa darubini ya redio kubwa kuliko zote, SKA. Mabakuli yake 197 yatakuwa Karoo, Afrika ya Kusini, yakiwamo 64 ya MeerKAT yaliyozinduliwa mwaka 2018. Na huko Australia itakuwa na antena ndogo 131,072. Ujenzi uliidhinishwa mwaka 2021. Kenya ni moja katika nchi nane za Afrika zilizotajwa kuwa washirika wa Afrika ya Kusini katika shauri hilo, nazo zilipangiwa kuwa na mabakuli ya redio ya kwao. Ghana waliligeuza bakuli kuukuu la simu huko Kutunse, upana wa mita 32, likawa darubini mwaka 2017. Jina la Longonot yetu nalo limekuwamo katika mipango ya namna hiyo. Chuo Kikuu cha Leeds kiliongoza mafundisho kwa vijana wa nchi hizo nane, ili watakaoshika mabakuli wawe wenyeji. Tena mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Roma ile ile ya Broglio, kilitoa setilaiti ya kwanza ya Kenya, kijisanduku cha sentimeta 10 kila upande.

Sikumficha mzee kwamba kazi za nyota zenyewe nchini mwetu ni chache, na kijana anaweza kumaliza akatafuta kwa miaka. Nilimwambia pia kwamba fizikia, hesabu, mitambo ya redio na kompyuta, ambavyo hapana budi avijue, vinahitajiwa mahali pengi. Hayo mawili nilimwachia ayapime mwenyewe.

Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama basari hulipwa kwa kijana au kwa chuo. Nikamwambia kwa chuo. Akasema ng’ombe atakayeuzwa ni yule mwekundu, ambaye maziwa yake yamepungua, na kwamba hatauzwa mpaka mwisho wa mwezi, bei ikipanda. Fomu tulizijaza siku ile ile. Kijana mwenyewe nimemwita aje Jumamosi, kwa kuwa hesabu moja ya mabakuli ya redio, namna mawili yaliyo mbali yanavyoweza kufanya kazi kama moja, bado haijanielea, naye anasema anaijua.